Jangwani: mnachota mchanga, mnaumwaga kando ya mto, masika unarudi palepale chini ya daraja

Wakuu, kabla hamjaniambia "subiri daraja jipya", naomba msome kwanza.

Barabara ya Morogoro hapa Dar es Salaam inaanzia Sokoine Drive, inakata Barabara ya Samora, inavuka ya Bibi Titi pale chuo cha DIT, inafika Faya. Kutoka Faya inateremka bondeni, halafu inapanda tena kuingia Magomeni Mapipa. Pale chini ndipo Jangwani. Hii si barabara ya mtaa, ni barabara kuu ya taifa T1, hiyohiyo inayokwenda hadi Tunduma. Lakini Mto Msimbazi wameivusha juu ya tuta la chini lenye daraja fupi, utadhani kinachopita hapo ni mfereji wa maji ya kuoshea vyombo.

Kila mwaka maji yakiifunga barabara, watu wanailaumu mvua. Mvua ina kosa gani? Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, na ukishuka unabeba mchanga. Kingo zinamomonyoka, watu wanajaza kifusi viwanja hadi kwenye maji, wengine wanachimba mchanga wa kuuza, na taka za mitaa mizima zinaishia humo humo. Huko juu kuna mteremko, kwa hiyo mzigo wote unakimbia na maji. Ukifika Jangwani ardhi ni tambarare, maji yanalegea, mchanga unatua. Na unatua hasa pale njia inapobanwa, yaani kwenye daraja. Nenda kiangazi ukachungulie. Mto wenyewe ni kamkondo ka kuruka, nyasi zimeota juu ya mchanga, na matambara na mifuko iliyonasa inakuonyesha maji ya masika yalifika wapi. Nafasi iliyobaki ya maji kupita ndiyo hiyo unayoiona, hakuna nyingine.

Halafu kuna bahari, ambayo watu wanaisahau. Mto unamwagikia baharini pale Daraja la Selander. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya bahari yanasukuma huku na ya Pugu yanasukuma kule, katikati ni lami yetu. Ndiyo maana unaweza kuona Posta kukavu kabisa, jua linawaka, na Jangwani imefungwa. Mvua ilinyesha Kisarawe.

Sasa hiyo "kazi ya usafishaji" inayotangazwa. Kijiko kinashuka, kinachota mchanga chini ya daraja, kinaurundika ukingoni, mita chache tu kutoka mtoni. Malori hayatoshi au hayaji kabisa. Rundo linakaa. Mvua ya kwanza yenye nguvu inalisomba, linarudi lilikotoka, na mwakani pesa inatoka tena kuchota mchanga uleule. Mchanga ukichotwa upakiwe siku hiyohiyo na utoke bondeni. Kama hakuna lori, kijiko kisishuke. Na uchotwe pia upande wa juu na wa chini wa daraja, siyo shimo moja la kupigia picha, kwa sababu shimo moja kwenye mto wa mchanga hujaa lenyewe.

Maji yakipungua ndipo uzembe wa pili unapoonekana. Yanaacha tope laini juu ya lami na kando ya kingo za zege za njia ya mabasi ya mwendokasi. Greda linalisukuma pembeni, pembeni ndipo kwenye mifereji, mifereji inaziba. Barabara inafunguliwa, bodaboda zinateleza, na mvua inayofuata hata ikiwa ndogo inasimama barabarani kwa sababu haina pa kutokea.

Karakana ya mwendokasi ndiyo sitaki hata kuizungumzia, lakini basi. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 Dar, familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Bonde lilishasema. Baada ya hapo ikajengwa karakana na maegesho ya mabasi ndani ya bonde lilelile, huduma ikaanza Mei 2016, na tangu hapo karakana imeogelea zaidi ya mara moja. Mwananchi anabomolewa kwa kukaa bondeni, basi linapewa geti na mlinzi.

Wakati huohuo huku nyuma mambo ni makubwa: barabara za juu za Kijazi pale Ubungo ghorofa tatu, 2021, barabara ya Kimara hadi Kibaha kilomita 19.2, njia nane. Hongera. Magari yote hayo mnayateremsha haraka haraka yakasubiri maji yapungue Magomeni.

Na taarifa za kufunga barabara ni kichekesho. "Jangwani haipitiki, tumieni njia mbadala." Njia ipi? Ukiisikia ukiwa Mwembechai umeshachelewa. Barabara ya Kawawa kulia inakupeleka Kigogo, ambako unavuka Msimbazi uleule, na Kigogo nako hujaa. Kawawa kushoto unapita Mkwajuni, kwenye Mto Ng'ombe, ambao nao una tabia zake. Wa kutoka Kariakoo kwa Mtaa wa Msimbazi wanafika hadi Faya ndipo wanageuzwa kwenda Barabara ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo Upanga nzima inaganda. Kibao kinatakiwa kiwe Ubungo. Hapo dereva bado ana Barabara ya Mandela kwa wa Buguruni na bandarini, na ya Sam Nujoma kwa wa Mwenge wanaoingia mjini kwa madaraja ya Selander au Tanzanite. Cha pili kiwe Shekilango, nafasi ya mwisho ya kutokea Bamaga. Vibao viwili na askari wawili. Kwa abiria wa mwendokasi ni vivyo hivyo: mwambieni Kimara kwamba basi linaishia Magomeni, msimwambie akiwa ameshafika Magomeni na kadi imeshakatwa.

Daraja jipya nalijua. Mita 390, kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022. Zuri, barabara itainuka. Lakini daraja refu halizuii mchanga kushuka. Kingo za juu zisiposhikwa kwa miti na mawe, na vifusi visipokomeshwa, mchanga utatua tu chini ya hizo mita 390, na Kigogo itaendelea kunywa maji kama kawaida.

Yanga ni wana Jangwani, Simba ni wekundu wa Msimbazi. Nchi nzima inalitaja bonde hili kila wikiendi, ila malori ya kuhamisha mchanga wake hayapatikani.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kama gari dogo la Noah linapita Jangwani yakijaa maji. Maji yakifika nusu ya tairi, usiingie. Pale katikati kuna mifereji iliyofunikwa na tope na huoni ukingo wa lami uko wapi. Wanaokuonyesha njia kwa mikono ndio haohao watakaokuja kukusukuma kwa malipo.