Kalamu mpya ya wino inakwaruza upande mmoja: niisugue ncha au niiache?

MwalimuKibaha aliandika:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mwezi uliopita nilijinunulia kalamu ya wino yenye ncha ya chuma, unene wa kati, nikiwa nimechoka na peni za kawaida ambazo hunilazimu kukandamiza. Uzito wake umetulia mkononi, na vidole vilivyokuwa vikikakamaa baada ya madaftari 20 sasa hufika 40 bila kuuma. Hata hivyo, herufi ya kwanza hugoma kila ninapoanza mstari mpya, na mkono ukielekea kushoto ncha hukwaruza kama sindano, ilhali ukielekea kulia huteleza vizuri. Natumia wino wa bluu wa chupa uliotengenezwa kwa kalamu za aina hii. Muuzaji amenishauri niisugue kwa msasa laini, nami nasita. Naomba ushauri wenu.

Jirani_wa_Bandari alijibu:
Msasa hapana, ila chukua kipande cha mfuko wa kaki, uchore namba nane juu yake kwa dakika chache. Yangu ilikubali siku hiyo hiyo.

FundiSaaMstaafu alijibu:
Ndugu mwalimu, nakuomba usiguse msasa wala kaki kwa sasa, kwa sababu mwishoni mwa ncha kuna chembe ya metali ngumu iliyochomelewa hapo ili isilike mapema, na ukishaila kwa kusugua hairudi. Kaki humsaidia mtu ambaye ncha yake inakwaruza pande zote. Yako inakwaruza upande mmoja tu, na hiyo ni dalili kwamba meno mawili ya ncha, yaani nusu mbili zinazotenganishwa na mpasuo wa katikati, hayako kwenye kimo kimoja. Ukwaruzaji wa kuelekea kushoto maana yake jino la kulia limeshuka, na ukingo wake wa ndani ndio unaochimba karatasi.

Anza na kuosha, kwa kuwa kalamu mpya mara nyingi hubaki na mafuta ya kiwandani yanayofukuza wino. Tumia maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo. Yavute na kuyatoa kwa pampu yake mara kadhaa, kisha suuza kwa maji matupu mpaka povu liishe. Iache ikauke usiku kucha, ncha ikiwa imeelekezwa chini juu ya kitambaa. Baada ya hapo tafuta lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya mafundi saa, uitazame ncha kwa mbele: utaona jino lipi limeshuka.

BintiWaMwambao alijibu:
Naongezea kuhusu ile herufi inayogoma. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akichonga kalamu za mwanzi kwa ajili ya kuandikia Kiarabu, na kazi aliyoihofia kuliko zote ilikuwa kupasua ncha, kwani mpasuo uliobana sana ulikataa wino, na uliopanuka ulimwaga. Ncha ya chuma haina tofauti. Mwalimu, iinue mbele ya taa: mwanga uonekane kwenye kitundu kilicho mwanzoni mwa mpasuo na katika mpasuo wenyewe, ukipungua taratibu mpaka meno yanapogusana kidogo mwishoni. Kama hakuna mwanga kabisa, meno yamebana. Na tafadhali usije ukajaza wino wa mhuri, hata duka likikuambia ni sawa, maana utaziba njia zote za ndani.

MwalimuKibaha aliandika:
Ahsanteni sana. Nimeosha, na herufi ya kwanza haigomi tena ila mara mojamoja. Mwanga pia nauona. Kwenye lenzi, jino la kulia limeshuka kweli. Nilinyanyue kwa kitu gani bila kulivunja?

FundiSaaMstaafu alijibu:
Kwa ukucha tu. Weka ukucha wa kidole gumba chini ya jino lililoshuka, linyanyue taratibu, shikilia kwa sekunde mbili, achia, kisha utazame tena kwa lenzi. Chuma hurudi nyuma kidogo, kwa hiyo utarudia mara nyingi. Anayeharibu ncha ni yule anayetaka kumaliza kwa mkupuo mmoja. Koleo usiisogeze karibu.

MwalimuKibaha aliandika:
Nimerudia mara saba, nikijaribu kwa kuandika namba nane baada ya kila mara, na katika mara ya sita nilizidisha, kalamu ikaanza kukwaruza kuelekea kulia, ikabidi nilirudishe jino chini kidogo. Sasa inateleza pande zote mbili. Kinachobaki ni kuchelewa kutoa wino ninapoiacha bila kifuniko nikizungumza na mwanafunzi, na hapo kosa ni langu. Kwenye kaunta buku ya bei nafuu wino bado unasambaa na kutokea upande wa pili, hivyo huko nitaendelea na peni ya kawaida.