Kuhamia pwani ya Meksiko tukishastaafu: tubebe gari, tununue kule, au tuishi bila gari?

Mwanatanga

Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tumeishi Houston miaka 22, na mwaka huu tunaweka kazi chini. Nia yetu ni kuhamia pwani ya Meksiko. Tumechuja tukabaki na miji mitatu: Puerto Vallarta upande wa Pasifiki, La Paz kule Baja California Sur, na Playa del Carmen upande wa Karibi.

Kinachotukosesha usingizi ni gari. Tuna RAV4 ya 2014, haina deni, naifahamu hadi mlio wa kila nati. Moyo unaniambia niendeshe nayo mpaka kule. Mke wangu anasema tuuze, tupumzike na mambo ya bima na gereji. Lakini magoti yake hayako sawa, ngazi zinamtesa, na sipendi kumweka mahali ambapo kila haja ni kusimama juani kungoja basi. Walioishi huko naomba mnisaidie, na mniambie mtaa, maana jina la mji peke yake halinitoshi.

Mama wa Vallarta

Shikamoo kaka, na umsalimie sana wifi. Mimi ni nesi mstaafu, niko Puerto Vallarta mwaka wa sita, na sijawahi kumiliki gari hapa. Lakini usinisome haraka ukadhani nasema mji mzima hauhitaji gari.

Mwaka wa kwanza nilipanga Zona Romántica, upande wa mlimani. Kwenye ramani nilikuwa dakika tano kutoka baharini. Ramani haikunionyesha ngazi. Kushuka ilikuwa raha, ila kurudi na mfuko wa viazi na lita tano za maji nilikuwa napumzika mara tatu njiani. Mitaa ya Amapas, Conchas Chinas na Alta Vista iko hivyohivyo, na barabara nyingi zimetandikwa mawe ya mtoni yasiyo sawa. Mtu mwenye magoti mabovu, mawe yale yatamsumbua kuliko ukosefu wa gari, kwa sababu hata ukiwa na gari unapaki mbali, nafasi hakuna, halafu unatembea juu ya mawe yaleyale.

Nikahamia Fluvial. Ni tambarare, njia za miguu ni pana, supamaketi iko karibu, hospitali zipo. Hapo ndipo nilipoona kwamba gari silihitaji. Jirani yake ni Versalles, nako ni tambarare na kuna migahawa mingi. Mkichagua Vallarta, tafuteni huko kwanza.

Mabasi yamezagaa. Jina la njia limeandikwa kwenye kioo cha mbele: Centro, Pitillal, Mismaloya na kadhalika. Unanyoosha mkono, unapanda, unamlipa dereva. Wakati naanza nauli ilikuwa peso 10. Shida ni ngazi ya mlangoni: iko juu, na dereva anaweza kuondoa basi hujakaa. Mimi nimezoea, wifi atahitaji mkono wako. Kwa mizigo na kwa usiku natumia Uber, inakuja haraka na bei unaiona kabla. Niliweka daftari mwaka mzima: mwezi wa kawaida nilipanda Uber mara 18, nikajumlisha na mabasi, na bado haikufika hata nusu ya kile jirani yangu anachotumia kwa bima, mafuta na gereji. Petroli hapa inazunguka peso 24 kwa lita, si rahisi kama Texas.

Siku ya kufika msihangaike. Wenyeji wengi hutoka uwanja wa ndege wakavuka daraja la watembea kwa miguu ili wapate gari la bei nafuu ng'ambo ya barabara kuu. Kwa magoti ya wifi na masanduku, chukueni teksi ya uwanjani, lipeni hiyo tofauti.

Msafiri wa Baja

Mimi niko La Paz na nasema bila kusita: hapa gari ni lazima. Mji umetawanyika na jua ni la jangwani. Malecón, ile barabara ya matembezi kando ya bahari, inatembelewa vizuri jioni, lakini maisha hayaishi pale. Ukitaka kwenda Balandra au Tecolote, zile fukwe ambazo ndizo zilizokuleta, ni mwendo nje ya mji. Na miadi ya daktari bingwa huenda ikakupeleka hadi Los Cabos.

Faida kubwa ya Baja ni kwamba gari la namba za Marekani halihitaji kibali cha kuingiza gari kwa muda, rasi nzima. Unavuka Tijuana na bima ya Meksiko mkononi, basi. Ila wewe uko Texas, angalia vizuri. Kwa Baja itabidi uende magharibi mpaka California, kisha ushuke barabara ya Transpeninsular, karibu kilomita 1,700 kutoka Tijuana hadi Cabo San Lucas. Ni nyembamba, sehemu nyingi haina bega, na kati ya El Rosario na Guerrero Negro kuna zaidi ya kilomita 300 ambazo huwezi kutegemea sheli. Jaza tangi El Rosario hata kama bado lina nusu. Usiendeshe usiku. Ng'ombe hulala barabarani kwa sababu lami imebaki na joto.

Ukisema ukatishe Meksiko bara hadi Mazatlán upande feri ya kuja La Paz, utahitaji kile kibali, kwa sababu msamaha wa Baja haufiki bara.

Kisiwani_Playa

Playa del Carmen: bila gari kabisa. Mji ni bapa kama meza. Mtaa mkuu wa maduka, Quinta Avenida, hauruhusu magari. Kwenda Tulum au Cancún unapanda colectivo, na colectivo zenyewe ni Hiace, zinajaa ndiyo zinaondoka, utajiona uko stendi ya nyumbani. Uwanja wa ndege wa Cancún kuna mabasi ya ADO yenye kiyoyozi na namba ya siti. Kwenda kisiwa cha Cozumel unapanda boti. Kaka, kwa magoti hakuna mji kati ya hiyo mitatu unaoushinda huu. Ubaya wake ni joto la unyevu na watalii wengi, na kodi ya nyumba karibu na bahari inauma.

Karatasi Kwanza

Ndugu Mwanatanga, kabla ya miji jibu swali moja: mnaingia kwa ukaazi upi, wa muda au wa kudumu?

Nauliza kwa sababu jibu linaweza kumaliza hoja ya RAV4. Meksiko bara, gari la namba za kigeni linaingia kwa kibali cha muda kinachotolewa na Banjercito, benki ya jeshi la Meksiko. Unaweka amana kulingana na umri wa gari: dola 400 kwa gari la 2007 na kuendelea, 300 kwa la 2001 hadi 2006, 200 kwa la 2000 kurudi nyuma. Mtalii anapata siku 180. Mkaazi wa muda, kibali chake kinafuata uhai wa kadi yake, mradi kila anapohuisha kadi awaarifu watu wa forodha. Akisahau, amana inapotea na gari linakuwa haramu barabarani.

Mkaazi wa kudumu hapewi kibali hicho. Kabisa. Wastaafu wengi wenye pensheni nzuri wanapewa ukaazi wa kudumu moja kwa moja ubalozini, wanafurahi, kisha wanafika mpakani na gari limejaa vyombo ndipo wanaambiwa. Nimemshuhudia mzee mmoja akigeuza gari mpakani Laredo, mkewe analia. Hata wa muda, baada ya miaka minne anakuwa wa kudumu, na siku hiyo gari inabidi liwe limetoka. Njia nyingine ni kuliingiza rasmi kupitia wakala wa forodha, na hiyo ina masharti ya umri wa gari na ya mahali lilipounganishwa.

Mwanatanga

Karatasi Kwanza, umenifungua macho. Ubalozi mdogo umetuidhinishia ukaazi wa kudumu, na nilichukulia kuwa ndiyo bora kwa kila kitu. Hakuna hata mmoja aliyetaja gari. Kwa hiyo kwa Vallarta na Playa, RAV4 imetoka kwenye hesabu. Imebaki Baja tu?

Karatasi Kwanza

Baja tu, na ukae ndani ya Baja. Ukipanda feri kuja bara, unarudi palepale.

Dereva wa Malori

Naomba nitetee gari kidogo, maana wenzangu wameongea kama watu wasio na dharura. Mimi niko Bucerías, kaskazini mwa Vallarta, upande wa Nayarit. Basi za kwenda mjini zipo, lakini mama mkwe wangu husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mtu aliyetoka kusafishwa damu humsimamishi kituoni. Kwa familia kama yangu gari ni sehemu ya matibabu.

Sikuleta la Marekani. Nilinunua hapahapa, la namba za Jalisco, jimbo la Vallarta, na nakushauri hivyo kama mtahitaji. Mambo ya kushika ni haya. Dai *factura* halisi, ile ankara ya kwanza ya gari. Kila mmiliki aliyepita awe ameandika na kusaini nyuma yake kumkabidhi anayefuata. Hiyo ndiyo inayokufanya mmiliki, kadi ya gari peke yake haitoshi. Kagua namba ya chesisi kwenye REPUVE, daftari la serikali la magari, uone kama halikuibwa. Halafu lala chini ya gari. Hewa ya chumvi hapa inakula chuma kama inavyokula kwetu Mombasa na Tanga. Mimi naosha chini ya gari kila mwezi kwa maji yasiyo na chumvi.

Bima ya Marekani huku ni karatasi tupu. Rafiki yangu aligongana na pikipiki akiwa na bima ya Texas tu. Polisi wakamshikilia mpaka ijulikane nani mwenye kosa na nani atalipa, akalala huko siku mbili. Bima ya Meksiko inakuja na wakili na dhamana, ndiyo maana unaikata kabla hujawasha injini.

Mwendo wenyewe utauzoea. Matuta yapo kila kijiji, mengine hayana rangi wala kibao. Pale barabara kuu ya Vallarta, kukata kushoto unaingia kwanza njia ya pembeni kulia, unangoja mshale. Ukikata kutoka njia ya katikati utagongwa. Ukiharibikiwa barabara kuu piga 078, wanakuja Ángeles Verdes, mafundi wa serikali, na kazi yao haina malipo.

Na vimbunga je? Ukiambiwa hama, utahama na Uber?

Mama wa Vallarta

Kaka Dereva, kuhusu mama mkwe uko sahihi kabisa, na Mungu ampe nafuu. Kwa hali hiyo ningenunua gari kesho.

Kwenye vimbunga natofautiana nawe. Otis ilipoipiga Acapulco Oktoba 2023 ilikua kutoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la 5 ndani ya siku moja. Wengi hawakupata muda wa kuondoka, wenye magari na wasio nayo. Hapa kwetu Nora ya 2021 ilileta mafuriko ya mto Cuale, na magari yaliyokuwa karibu na mto yalisombwa. Kilichoniokoa ni nyumba imara mbali na mto, na akiba ya maji.

Mwanatanga

Asanteni sana. Tumekaa mezani na mke wangu jana usiku, tumeamua. RAV4 inauzwa, inaniuma lakini inauzwa. Tunaenda Vallarta mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimekwisha, tupange Fluvial au Versalles kwa miezi sita. Kila safari tutaandika: tumeenda wapi, kwa nini, tumelipa ngapi, na magoti yalisemaje. Ikifika Mei na daftari likionyesha tunahitaji gari, tutanunua la hapo kwa maelekezo ya Dereva. Mama wa Vallarta, kuna kitu gani niulize mwenye nyumba kabla ya kulipa?

Mama wa Vallarta

Uliza maswali matatu. Ngapi ngazi kutoka lango la nje hadi kitandani, azihesabu. Mtaa huo mwezi wa Agosti maji ya mvua yanapita wapi. Na jengo likikatika umeme, lifti inafanya kazi? Akisitasita kwenye la tatu, omba nyumba ya chini.