Naomba ushauri: nataka kuokoa sauti ya bibi iliyomo kwenye MiniDisc

Wakuu, habari zenu. Marehemu mjomba alipenda sana MiniDisc, vile vidiski vya kurekodia sauti vilivyo ndani ya kikasha cha plastiki, tangu akiwa masomoni Uingereza, na mwaka 2001 alimrekodi bibi akisimulia ngano. Ameniachia diski 11 na kinasa chake kidogo cha mkononi.

Juzi nilifungua pa kuwekea betri, ile bapa nyembamba kama chingamu, nikakuta imevuja na ukoko wa kijani umeganda kwenye vyuma. Nikasugua kwa siki na kijiti cha pamba, nikafunga kile kikasha cha nje cha betri ya AA, kikawaka. Diski ikazunguka, mara namsikia bibi: "Paukwa!" Machozi yalinitoka. Ila baada ya dakika kama tano inakata na kurudi mwanzo.

Diski zote nimeshazisukuma kile kidude cha pembeni, kitundu kikae wazi, nisije nikafuta kitu kwa bahati mbaya.

Sasa, huku kukatika ni lenzi chafu au ni grisi ya reli yake imekauka? Fundi wa hapa Tanga anasema hajawahi kukiona chombo hiki, nikaogopa kumwachia.

Na kuhamishia kwenye kompyuta, nirekodi kupitia tundu la hedifoni, diski ya dakika 74 ichezwe dakika zote 74, au nitafute kinasa cha MiniDisc cha Sony MZ-RH1 cha 2006, kinachoweza kuhamisha hata diski za zamani kwa waya wa USB? Bei yake inanitisha. Aliye nacho Dar au Mombasa, niko tayari kusafiri na diski zangu.