Mpini wa randa: faili la STL limegoma kuharirika kwenye FreeCAD

fundi_mafinga
Wakuu habari. Nina STL (faili la umbo la 3D lililoundwa kwa pembetatu) ya mpini wa nyuma wa randa, ule uliopinda, imetoka kwenye skani ya simu. Pembetatu zinafika 84,000. Nataka nibadili unene na tundu la bolti, halafu nikate mninga kwa CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta). Nimeigeuza kuwa solidi (umbo lililojaa, linaloharirika) kwenye Part, sehemu ya FreeCAD (programu ya kuchora 3D), kompyuta ikaganda, na kila pembetatu imegeuka uso unaojitegemea. Amri ya kusafisha umbo haijapunguza chochote, kuviringisha kingo nako kumegoma. Nifanyeje?

Uyole_CAD
Mkuu, STL haijui mkunjo, inajua pembetatu bapa tu. Ile amri ya kusafisha huunganisha nyuso zilizolala kwenye bapa moja, kwa hiyo braketi ya chuma yenye nyuso bapa itasafishika, mpini uliopinda hautasafishika. Acha kuigeuza, itumie kama kiolezo cha kufuatisha.

Anza na vipimo. STL haibebi kizio, FreeCAD inasoma namba zote kama milimita. Pima mpini halisi kwa kalipa, gawanya kwa urefu unaouona kwenye skrini, hiyo ndiyo namba ya kukuzia. Ikija 25.4, faili lilikuwa la inchi.

Kisha ndani ya Mesh (sehemu ya FreeCAD ya kushughulikia pembetatu) kata mikato kila milimita 15, na kiunoni panapopinda ghafla kila 6. Kila mkato uchoree b-splaini (mkunjo laini unaoongozwa na nukta) iliyofungwa yenye nukta 8, usifuate vinundu vya skani. Idadi ya nukta ilingane kote na ya kwanza ianzie mgongoni siku zote, la sivyo lofti (umbo linalounganisha mikato hiyo) itajisokota kama nguo inayokamuliwa.

mbao_na_chuma
Lofti ya nini hapo? Mpini wa randa ni ubao uliokatwa umbo la ubavuni, kisha kingo zikaviringishwa. Laza skani kwa ubavu, fuatisha mstari wa nje kwa tao na b-splaini chache, upe unene, viringisha kingo. Skechi (mchoro bapa) moja tu, na ukitaka kubadili unene unabadili namba moja.

Angalizo: unene ukiwa milimita 24, usiweke nusu kipenyo cha 12 kamili, nyuso mbili zitakutana katikati na amri itagoma. Weka 11.5 au chini. Ikigoma bado, tafuta kona ya nje ya mstari iliyobana kuliko nusu kipenyo hicho, kwa kawaida kwenye ncha ya pembe ya juu.

Uyole_CAD
Kwa mpini huu nakubali. Lofti ibaki kwa vitu visivyo na ubavu bapa.

fundi_mafinga
Na tundu la bolti?

mbao_na_chuma
Usilitoe kwenye skani, matundu marefu huko hutoka yameziba. Pima bolti yenyewe, ongeza nusu milimita. Kwenye mbao litoboe kabla ya kukata umbo, ubao ukiwa bado una kingo nyoofu za kubana. Ukimaliza kuchora, fungua Inspection, nayo ni sehemu ya FreeCAD, ulinganishe solidi na meshi (pembetatu za skani): rangi ikionyesha tofauti chini ya milimita 0.5, peleka mashineni, msasa utakula zaidi ya hapo.