Ushauri tafadhali: mwanga kuwa wimbi na chembe, mistari haitokei ukutani

Mgebuka: Wakuu, niko Kigoma, Mwanga. Alhamisi natakiwa kuwaonyesha Kidato cha Sita kuwa mwanga ni wimbi na pia ni chembe. Nimechana mipasuo miwili kwenye foili, nawasha leza nyekundu, naona doa tu badala ya mistari ya mwanga na giza. Shida nini?

Asali ya Sikonge: Upo Mwanga halafu mwanga unakusumbua 😂

Fundi Redio: Mipasuo imeachana kiasi gani? Ukuta uko umbali gani?

Mgebuka: Milimita 2 hivi. Ukuta mita 3.

Fundi Redio: Zidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta, gawanya kwa nafasi ya mipasuo. Kwa nyekundu ya nanomita 650 mistari inaachana milimita 1 tu. Shika nyembe mbili zilizobanana, chana mara moja: nafasi inakuwa kama milimita 0.1, mistari karibu sentimita 2. Foili itararuka katikati, tumia kioo chenye masizi ya kibatari.

Mama Wawili: Leza isizidi miliwati 1, na isipite usawa wa macho ya watoto. Hilo mnaliruka kila siku.

Fundi Redio: Doa la leza linafunika mipasuo yote miwili?

Mgebuka: Hapana. Kila mpasuo una leza yake, mwanga uwe mwingi. Zinafanana kabisa, na nimeshazinunua.

Reli ya Kati: Ndiyo ungeanza nayo hiyo! Leza mbili awamu zao haziendi pamoja, yaani mawimbi yao hayapandi na kushuka kwa mpangilio mmoja, mistari inahamahama kuliko jicho linavyoweza kufuata. Mwanafizikia Young mwaka 1803 aligawa mwale mmoja wa jua kwa ukingo wa kadi. Wewe bandika unywele mbele ya leza moja, inatosha.

Mgebuka: Lakini fotoni, yaani chembe za mwanga, za leza zote mbili si zinakutana ukutani?

Reli ya Kati: Hazihitaji kukutana. Mwanafizikia Taylor mwaka 1909 alififisha mwanga mpaka fotoni zikapita karibu mojamoja na picha moja ikachukua miezi kama mitatu, na mistari ikatokea vilevile. Kwa upande wa chembe, tafuta stika inayong'aa gizani: leza nyekundu haiiwashi hata ukiimulika saa nzima, taa ya zambarau inaiwasha mara moja. Fotoni nyekundu ya nanomita 650 ina nishati ya elektronivolti (eV) 1.9, ya zambarau ya 405 ina 3.1. Wingi wa nyekundu haufidii upungufu wa kila moja.

Asali ya Sikonge: Hii chai. Mwalimu gani wa Kidato cha Sita hajui awamu? Dogo anatafuta majibu ya mtihani.

Mgebuka: Mtihani gani unauliza nyembe na kibatari? Na leza ya pili sirudishi.

Fundi Redio: Awe mwalimu, awe dogo, kioo kipitishe juu ya moshi taratibu. Kikipata moto ghafla kinapasuka.