Naomba ushauri: mtoto anasomea nyumbani, marafiki atawapata wapi?

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 8, tangu Januari namfundishia nyumbani hapa Tabata maana basi la shule lilikuwa linampitia saa 11 alfajiri, mtoto anasinzia mpaka kwenye uji. Masomo yanaenda freshi, hesabu ndo usiseme. Shida upweke jamani, ikifika saa 10 jioni anakaa getini na mpira wake anasubiri wenzie washuke kwenye basi, nao wakishuka wana homuweki na tuisheni, hawachezi. Nawaza kuogelea au akademi ya mpira, ila baba yake anasema watamvunja miguu (yeye alivunjika kwenye ndondo, zile mechi za mtaani, ndo hofu yote hiyo). Wenye watoto wa hivi mliwaanzishia wapi? Na skauti wanapokea mtoto asiye na shule?