Waifai inakatika vichwa vya treni za mfano za HO vikiwa mwendoni: ugonjwa uko kwenye redio au kwenye reli?

Relindogo:
Wakuu, habari za kazi. Nina meza ya treni za mfano za saizi ya HO, mita 3 kwa 1.2, inayoendeshwa kwa DCC-EX, programu huria ya kituo kinachotuma amri kwa vichwa kupitia reli: bodi ya Arduino Mega 2560, shildi ya mota R3 (bodi inayopeleka umeme relini) juu yake, na moduli ya ESP-01S ya kurusha Waifai. Reli zinapata moto kwenye adapta ya volti 15, ampea 3. Mega ina adapta yake ya volti 9. Kwenye simu natumia Engine Driver, programu ya Android ya kuendeshea treni.

Simu moja ikiendesha, hakuna shida kubwa. Simu ya pili ikiingia, baada ya muda mtandao unapotea, vichwa vyote vinasimama, kisha mtandao unarudi wenyewe. Pia kuna kichwa kidogo cha shunti (cha kupanga mabehewa), ekseli mbili tu, kinakwama kila kikipita kwenye pointi (pale njia ya reli inapogawanyika), hata kikiwa peke yake. Nimeshauriwa ninunue kituo kingine chenye redio kali zaidi. Je, itasaidia?

FundiDekoda:
Mkuu, usitoe hela bado. Waifai imeondoa waya mmoja tu, ule wa kati ya mkono wako na kituo. Kuanzia kituoni hadi kwenye mota, kila kitu bado kinapita kwenye reli na magurudumu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na redio mpya haitagusa hilo la pili.

Washa taa za vichwa vyote, halafu endesha kama kawaida. Vikisimama, tazama taa kabla hujagusa kitu. Kama bado zinawaka, moto upo relini ila amri hazifiki: kituo kisipoisikia simu kwa sekunde kama 10 kinasimamisha vichwa ilivyovishika, na ni vizuri kinafanya hivyo. Zikizimika zote kwa pamoja, ni shoti au mzigo umezidi. Chaneli moja ya shildi hiyo inabeba ampea 2, si zaidi. Ikizimika ya kichwa kimoja tu, tafuta uchafu au kipande cha reli kisicho na moto.

Halafu niambie, ESP inakula umeme kutoka wapi?

Relindogo:
Taa zinabaki zinawaka. ESP inachukua moto kwenye pini ya 3.3V ya Mega.

FundiDekoda:
Basi umeshampata mwizi. Pini hiyo inatoa miliampea 50 tu. ESP ikirusha mawimbi inataka miliampea 170 na kupanda. Volti zinaanguka, ESP inajizima na kuwaka upya, ndiyo maana mtandao unapotea na kurudi. Simu ya pili inaongeza kurusha, ugonjwa unajitokeza.

Chukua moduli ya AMS1117 ya volti 3.3 (regyuleta ya kushusha volti), ilishe kutoka pini ya 5V ya Mega, toka yake ipeleke ESP. Weka kapasita ya mikrofaradi 220 hadi 470 karibu kabisa na miguu ya ESP, siyo upande wa pili wa waya. Ardhi zote ziungane. Na usipeleke volti 5 moja kwa moja kwenye RX ya ESP (mguu wa kupokea data): kutoka pini 18 ya Mega pitisha rezista ya kilo-ohm 1, kisha kutoka upande wa ESP weka ya kilo-ohm 2 hadi ardhini. TX ya ESP (mguu wa kutuma) iende pini 19 moja kwa moja.

Kagua pia kama njia ya "Vin Connect" chini ya shildi imekatwa. Isipokatwa, volti 15 za reli zinapanda hadi Mega, na regyuleta yake inachemka bure.

Pointi_Kumi:
Naongezea upande wa simu. Mtandao wa kituo hauna intaneti, kwa hiyo Android nyingi zinauacha kimyakimya na kurudi kwenye data. Zima data, au weka hali ya ndegeni kisha washa Waifai. Iondoe Engine Driver kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kutunza betri, la sivyo skrini ikizima na treni inasimama. Majirani wakiwa na rauta nyingi, badilisha WIFI_CHANNEL (chaneli ya Waifai) kwenye config.h, faili la mipangilio la DCC-EX, jaribu 1, 6 au 11, kisha pakia upya kwenye Mega.

Kuhusu shunti: ekseli mbili juu ya pointi yenye moyo wa plastiki (moyo ni pale reli zinapokutana na kuvukana), gurudumu moja likiwa na uchafu tu, moto unakatika. Safisha magurudumu na reli kwa spiriti ya isopropili. Kama moyo ni wa chuma, upe moto kupitia swichi inayogeuka pamoja na pointi. Hiyo ndiyo dawa ya kudumu.

FundiDekoda:
Sahihi. Ikibidi, weka kapasita kwenye dekoda (saketi ndani ya kichwa inayopokea amri): mikrofaradi 1000, volti 25, chanya kwenye waya wa buluu kupitia rezista ya ohm 100 yenye diodi 1N4007 sambamba nayo, mstari wa diodi ukitazama waya wa buluu. Hasi iende kwenye ardhi ya dekoda yenyewe. Waya mweusi siyo ardhi, huo unatoka relini. Ukikosea hapo dekoda inaungua.

Kisha CV29, moja ya namba za mipangilio ndani ya dekoda: kama ina 6, andika 2. Unazima uendeshaji wa analogi, kichwa kisije kikachomoka kwa kasi yote amri zikivurugika. Iandike kichwa kikiwa njia kuu, maana kapasita huvuruga usomaji kwenye njia ya programu (reli ya pekee ya kuandikia mipangilio).

Relindogo:
Asanteni sana wakuu. Vipi kuhusu kuweka betri ndani ya kichwa, niachane na reli kabisa?

Pointi_Kumi:
Kwa treni kubwa za bustanini, ndiyo, bila kusita. Shunti ya HO haina nafasi ya betri, chaja na kipokezi kwa pamoja, labda ukivificha kwenye behewa linalofungwa nyuma yake daima. Ila kabla ya kuacha reli, jaribu shoti: weka sarafu juu ya reli zote mbili pembe ya mbali kabisa na kituo. Kituo kisipokata moto mara moja, nyaya zako za chini ya meza ni nyembamba: tumia milimita za mraba 1.5, na uteremshe waya kutoka relini hadi kwenye nyaya hizo kila mita moja.